Msitu Usio na Mnyama

Kwenye vitabu vya serikali, msitu wetu haukuwa na mnyama hata mmoja. Nawaambia mapema ili mtu asije akanikatiza katikati. Miaka kumi na mmoja nimekaa humo nikihesabu. Nimerukwa na sungura, nimekojolewa na pimbi, nguchiro wameniibia chakula mkononi mchana kweupe, na bado kila mwisho wa mwezi hesabu yetu ilikuwa sifuri. Si kosa langu. Nikisema si kosa langu watu hucheka, basi ngoja nieleze, na anayetaka kucheka acheke nikimaliza.

Wahesabu tulikuwa wawili. Kanuni ya saba, iliyotoka Idara ya Usalama, inasema wahesabu wakae wamepeana mgongo ili mnyama asije akawavamia kwa nyuma. Fundi wa idara akatutengenezea benchi maalumu lenye egemeo moja katikati, mmoja anatazama mashariki, mwingine magharibi. Kanuni ya kumi na mbili, iliyotoka Idara ya Takwimu, inasema mnyama hahesabiwi mpaka aonwe na wahesabu wote wawili kwa wakati mmoja, tena bila kushauriana. Haya, niambie wewe mwenye akili. Mnyama gani huyo ataonwa kwa pamoja na watu wawili waliopeana mgongo? Ndege wanaopita juu tungewaona sote, lakini ndege wana idara yao na hawataki waingiliwe.

Mwaka wetu wa pili chatu alipita chini ya benchi. Mwenzangu akaona kichwa, mimi nikaona mkia, tukaandika kwa furaha kama watu waliopata mtoto. Makao makuu wakajibu kwamba nusu mbili za nyoka zilizoonwa na watu tofauti si nyoka mmoja. Barua ile ina mhuri, ninayo mpaka leo.

Mtasema tungegeuka tu. Kugeuka bila kibali ni kosa la nidhamu. Mtasema tungedanganya. Loo, mimi ni mkali, sikatai, lakini mwongo siyo. Niliandika barua kumi na tisa kuomba kanuni moja ifutwe, yoyote ile, wachague wenyewe. Kila mara jibu lilikuwa moja: barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Mwenzangu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu mkubwa. Ofisini walimwita Kimya, mimi wakaniita Pilipili, na walidhani wametupatia kweli. Zamani tulikuwa tukitaniana kutwa nzima pale bencheni, mpaka digidigi wanasimama kutusikiliza. Halafu dada akaugua.

Sasa sikilizeni nilichokiona. Dada alilazwa kwenye wodi ya vitanda ishirini, kuna mapazia katikati. Mchana mmoja nilifika na chupa ya chai, nikasimama mlangoni, na macho hayana pazia, nikamwona shemeji amekaa kwa mwanamke mwingine. Kitanda kinachotazamana na cha dada! Amemshika mkono, anamnong'oneza, na machozi yanamtoka. Mwanamke mnene, simjui hata kwa dawa. Mke wake yuko hatua nne nyuma ya pazia anapigania pumzi, yeye anambembeleza mwingine. Nilizunguka upande wa pili nikaingia kwa dada. Akafungua macho, akaniuliza, "Amekuja?"

Nikamnong'oneza, "Hajaja."

Alfajiri iliyofuata akafariki.

Tangu siku hiyo sikumwita tena shemeji. Nilimwita Bwana Mhesabu, kama mtu uliyekutana naye kaunta. Asubuhi nilimpita pale getini, kwenye chumba chake cha idara, nikaenda zangu mbele bila salamu, na yeye akanifuata nyuma. Miaka minne tukakaa tumepeana mgongo bila hadithi wala mzaha, na kwa mara ya kwanza nikaona kanuni ya saba ina maana.

Ndipo Jumatatu moja ikaja barua. Kwa kuwa msitu hauna wanyama, ilisema, kuanzia tarehe mosi utakabidhiwa Idara ya Samani Chakavu kwa ajili ya kuhifadhi viti vya ofisi vilivyovunjika. Miti itaondolewa ili viti vipate hewa. Hata hivyo, kwa kuzingatia barua zangu kumi na tisa, Mkaguzi atafika Alhamisi na kibali cha kugeuka. Tutakaa saa moja tukitazama upande mmoja. Tukiona mnyama mmoja, hata mmoja tu, na karatasi zetu zikalingana kwa kila kitu, msitu utabaki msitu. Zisipolingana, viti.

Nilikaa chini nikaisoma mara tatu, kwa sauti, Bwana Mhesabu naye asikie. Ni msitu mkavu, mgeni akiuona wakati wa kiangazi atasema umekufa, majani yote yamepukutika na miti imebaki mifupa. Lakini mimi najua sange, wale wadogo wenye pua ndefu, wanapita njia zipi chini ya majani makavu, najua komba wanalala kwenye mti upi. Nilikuwa naupenda, basi. Nikijiuliza nitakwenda wapi asubuhi wakiukata, nilikuwa sipati jibu. Lakini moyo ulitulia kidogo. Watu wawili wenye macho, saa nzima, msitu umejaa wanyama. Kuna ugumu gani hapo?

Jumanne, kabla hata ya huyo Mkaguzi, lori likaleta viti mia mbili vya kwanza. Wale watu wa Samani hawana subira. Wakavimwaga getini, vingine havina miguu, vingine vina miguu mitatu, na nyani nao hawakungoja kukaribishwa. Nilipofika walikuwa wameshakaa. Nyani wapatao ishirini wamekaa vitini wakitazama mbele, wengine wamekunja nne, utadhani wanasubiri kikao kifunguliwe. Dume mmoja mzee alikuwa amekamata kiti cha bosi, kile cha kuzunguka, kilichokosa mkono mmoja. Anazunguka taratibu na kiti kinalia kwii, kwii.

Na mbele yake amesimama Bwana Mhesabu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni, kofia ameishika kifuani.

"Karibu sana, Mheshimiwa Mkaguzi," anasema kwa sauti kubwa, maana lori lilikuwa bado linanguruma. "Tulikutegemea Alhamisi. Samahani kwa makelele."

Nyani akajikuna ubavu.

"Mheshimiwa, nina ombi moja kabla yule mama hajafika. Likitokea lolote baya Alhamisi, kosa liwe langu. Yeye msimguse. Ana ulimi, hilo nakubali, lakini hakuna mhesabu kama yeye. Mnyama akikohoa yeye ameshamwandika. Mkiniondoa mimi hamjapoteza kitu. Yeye mkimwondoa, atakufa kwa hasira huko nyumbani, na watu wa nyumba yake pia."

Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili nisipasuke kwa kicheko. Nilidhani ameamua kufanya mzaha, baada ya miaka minne! Kisha dereva akazima lori, kukawa kimya, na yule dume akabweka.

Bwana Mhesabu akaganda. Akainamisha kichwa upande, akatega sikio. "Mheshimiwa?" akaita kwa sauti ndogo. Halafu akaivaa kofia yake taratibu, na uso wake ulivyokuwa, kicheko kikaniisha.

"Bwana Mhesabu," nikamwambia, "unajua unazungumza na nani?"

"Sasa najua. Ni yule dume mzee mwenye kikohozi. Lori lilinizibia masikio."

"Masikio? Na macho je?"

Nikatoa karatasi mfukoni nikamkunjulia mbele ya uso. "Hii ni barua ya makao makuu. Hebu soma aya ya pili, uniambie unaionaje."

Akaishika, akaisogeza karibu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Inasikitisha sana," akasema.

Ilikuwa karatasi ya kufungia sabuni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Yalianza kufifia miaka sita iliyopita. Yakazima kabisa mwaka ule dada yako alipougua. Yeye alijua. Ndiye aliyekuwa akinifikisha mpaka kwenye benchi kabla hujaja. Idara wakijua, sina kazi wala chumba, na nimeshazeeka, nitakwenda wapi?"

"Na miaka yote hii unafikaje huko ndani?"

"Nakufuata wewe. Unavyokanyaga kwa hasira, hata kiziwi angekufuata. Siku ukisamehe watu, mimi nimepotea."

Nikataka kumjibu jibu la kumchoma, ulimi ulikuwa tayari. Lakini hesabu ikaanza kujipanga yenyewe kichwani. Yalizima mwaka ule dada alipougua. Mwaka ule.

"Hospitali," nikasema. "Kuna siku ulikwenda hospitali mchana."

"Nilikwenda. Nilimuuliza muuguzi kitanda cha mke wangu, akaniambia cha tatu kulia. Kulia kwangu au kulia kwake, sikuuliza. Nikahesabu, nikakaa, nikashika mkono. Nikaona dada yako amenenepa, nikafurahi, nikasema anapona. Nikamwambia kila kitu, shemeji, tangu siku ya kwanza mpaka ile. Saa nzima. Mwisho akaniambia, baba, ahsante sana, sijawahi kuambiwa maneno kama haya, lakini mimi sikujui."

"Halafu?"

"Nikaona aibu. Nikatoka, nikasema nitarudi kesho na mtu wa kunishika mkono." Akaishusha kofia machoni. "Kesho yake ndiyo ile."

Nikatafuta pa kukaa. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha miguu mitatu, kikaniangusha mbele ya nyani wote. Sikuinuka haraka. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa mlangoni siku ile, na kwamba dada aliniuliza, na nilichomjibu. Mdomo wangu wote huu unaojulikana idara nzima ukakataa kufunguka. Niliweza kusema neno moja tu.

"Shemeji."

"Naam."

"Alhamisi tutafanyaje?"

Maana hapo ndipo tulipokuwa. Mnyama anahitaji mashahidi wawili, na mmoja wa mashahidi haoni hata nyani aliye mbele yake. Akijulikana, anafukuzwa, na mimi nabaki peke yangu, na mtu mmoja hawezi kuwa wawili, msitu unakwenda kuwa stoo ya viti. Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kumfundisha kuona kusingewezekana. Kilichobaki ni mimi nijifunze kutoona.

Jumatano nzima akanifundisha. Nilijifunga kitambaa changu cha kichwa machoni, nikakaa upande wake wa benchi, naye akaniuliza mmoja mmoja.

"Huyo nani?"

"Upepo."

"Upepo una miguu minne? Sikiliza tena."

"Digidigi."

"Wangapi?"

"Mmoja. Hapana. Wawili, wanapishana."

"Sasa unaanza kufanana na mtu."

Nawaapia, nilikuwa sijawahi kuusikia ule msitu. Miaka kumi na mmoja nimeutumbulia macho tu. Sange anapiga mguu chini kabla hajakimbia. Kicheche anatangulia kunuka kisha anakuja, kama bosi wetu wa zamani. Nguchiro wanasemana njia nzima, na shemeji aliwajua kwa sauti, huyu mkorofi, huyu mwoga, huyu mama yao. Mara kumi nilikosea, akanicheka mara kumi, nami nikamtukana mara kumi, na ilikuwa raha, jamani. Nilikuwa nimesahau kama tuliwahi kuwa hivyo.

Mchana alipolala kidogo nikafungua madaftari yake, ambayo kwa kisirani changu sikuwahi kuyagusa. Zamani aliandika rangi za kila mnyama kwa mapenzi, paa rangi hii, kanu madoa haya. Kisha rangi zikapungua. Sungura wa kijivu. Nyani wa kijivu. Chui, ati, wa kijivu. Ukurasa mmoja aliandika hivi tu: leo jua pia la kijivu. Baada ya hapo mistari inapandana, na rangi haziandikwi tena kabisa. Nikalifunga daftari nikalirudisha lilipokuwa.

Alhamisi Mkaguzi akaja. Mtu wa makamo, miwani minene, mhuri unaning'inia shingoni kwa kamba. Akatusomea kibali cha kugeuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na jina la mtambo uliokichapa. Akamwamuru shemeji ahamie upande wangu. Tukakaa bega kwa bega, tukitazama mashariki, na yeye akavuta kile kiti cha bosi alichokuja nacho kutoka getini, akakipangusa manyoya ya nyani, akakaa nyuma yetu. Kwii.

"Hakuna kusemezana," akasema. "Hakuna kukonyezana. Kila mtu na karatasi yake. Na fomu ni mpya, ya mwaka huu. Aina, idadi, hali, rangi."

Rangi! Fomu zetu zote hazikuwahi kuwa na rangi. Nikamwona shemeji ameshtuka begani. Nilijua ametishika kama mimi, lakini kumsemesha ndiyo basi tena.

Dakika arobaini hakikupita kitu. Niamini, msitu ule ambao siku zote wanyama wanatukanyaga miguu, siku hiyo umekauka kabisa. Mkaguzi akaanza kupiga miayo na kupapasa mhuri wake. Nikasema kimoyomoyo, ninyi wanyama hamna shukrani hata kidogo.

Kisha wakatoka paa. Wawili, pale penye uwazi, wekundu wa tofali, wamesimama wazi kabisa. Niliwaona vizuri sana. Tena nilimsikia Mkaguzi nyuma yangu akivuta pumzi, maana na yeye kawaona.

Nikafumba macho.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwili mzima ulitaka kutazama. Nikasikiliza. Wawili wanatafuna, huyu karibu, huyu mbali kidogo. Na nyuma yao, ndani ya kichaka, wa tatu. Hatua moja, mbili, tatu, halafu pengo. Moja, mbili, tatu, pengo. Mguu wa nne anauweka kwa woga. Nikaandika: paa, watatu, mmoja anachechemea.

Ikabaki rangi. Wangu ni wekundu, nimewaona kwa macho haya. Lakini shemeji ataandika nini? Pengine atakumbuka paa wa zamani, aandike wekundu. Pengine atasema shemeji yangu anaona, ataandika ukweli, nami nimfuate. Pengine ataacha wazi. Niliisikia kalamu yake inakwenda, inasimama. Nikajiuliza mtu huyu ana rangi gani iliyobaki kichwani. Nikamkumbuka yule chui. Nikaandika kijivu, na lile ndilo neno la kwanza la uongo nililowahi kuandika kwenye karatasi ya serikali.

Mkaguzi akazichukua karatasi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza.

"Paa," akasema. "Paa. Sawa. Watatu, watatu. Anachechemea, anachechemea. Kijivu." Akageuza. "Kijivu." Akavua miwani. "Sasa ninyi watu. Mimi nimekaa hapa nimeona paa wawili. Hakuna anayechechemea. Na ni wekundu!"

Shemeji akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, subiri."

Tukasubiri. Kichaka kikatikisika, akatoka paa wa tatu, mdogo, mguu mmoja wa nyuma ameukunja. Moja, mbili, tatu, pengo. Akapita mbele yetu akawafuata wenzake.

Mkaguzi akamkodolea macho mpaka akapotea. Halafu akatukodolea sisi. Niliona kabisa hesabu inavyompanda kichwani: hawa watu wawili wamemwona mnyama ambaye yeye hakumwona, wakajua na mguu wake. Kwa hiyo macho mabovu hapa ni ya nani?

"Mke wangu amekuwa akiniambia," akasema taratibu, akiipangusa miwani kwa tai. "Kila siku ananiambia nikapime macho. Nasema mimi mzima." Akairudisha miwani, akatazama msitu kwa huzuni. "Ni wa kijivu kweli?"

"Kijivu," akasema shemeji.

"Kijivu kabisa," nikasema mimi, na Mungu anisamehe.

Akapiga mhuri. Mnyama wa kwanza wa msitu wetu akaingia kitabuni: paa wa kijivu, aina moja. Kwa kuwa ni aina moja tu, akatueleza, msitu mzima sasa ni mali ya paa huyo na haukatwi hata kijiti. Viti mia mbili vitabaki getini kwa sababu kuviondoa ni kazi ya idara nyingine, ambayo haijaundwa. Kisha akaomba ashikwe mkono mpaka kwenye gari, maana hakuwa tena na imani na macho yake. Nani akamshika? Shemeji. Nikawatazama wanavyokwenda, shemeji, aliyeijua njia ile kwa nyayo zake, anamwambia Mheshimiwa hapa kuna jiwe, hapa kuna mzizi, inua mguu, na mwenye miwani anamshukuru kila hatua.

Shemeji aliporudi kwenye benchi nilikuwa nimekaa palepale. Kibali cha kugeuka kilikuwa kimeisha dakika ishirini zilizopita. Hakwenda upande wake, na mimi sikumwambia aende.

"Shemeji," akaniita.

"Abee."

"Walikuwa wa rangi gani?"

"Si umeandika mwenyewe kijivu?"

"Niliandika ninachokijua. Nakuuliza wewe uliyewaona."

"Wekundu," nikamwambia. "Wekundu wa tofali lililonyeshewa. Tumboni weupe. Yule mdogo ana wekundu mkali zaidi, anang'aa mgongoni, na mguu anaochechemea ni wa kushoto."

Akatabasamu, akageuza uso mashariki. Nilijua nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka tutakapokufa. Nikashika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Siku ile hospitali nilikuwa mlangoni," nikasema. "Nilikuona umekaa kwa yule mwanamke. Nikaingia kwa dada, akaniuliza kama umekuja. Nikamwambia hujaja."

Nikasikia pumzi yake ikienda, ikikaa, ikirudi.

"Aliniuliza mimi, shemeji. Nami nikamwambia hujaja."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewani, akagusa sikio langu, kisha bega, akautuliza hapo.

"Ulisema ulichokiona," akasema. "Ndiyo kazi yetu."

Nililia kwa sauti kama mtoto, sikuona aibu, nikafukuza kila chenye miguu upande wa mashariki. Mwisho wa mwezi tukajaza fomu kama kawaida, paa wakiwa na mhuri wao tayari, na safu ya walioonwa na wote wawili, kwa kuwa mwenye macho ni mmoja tu, tukaandika sifuri.